Mama Alivyorudi Kirua

Nilikuwa nauza viatu vya mitumba mjini Moshi, na kazi ile iliniharibu macho. Mtu akinijia, namwangalia miguu kwanza, uso baadaye. Ndiyo maana Desemba ile, nilipoingia uani kwa mama, Kirua Vunjo, kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa furaha yake ya kutuona. Niliona kandambili mpya za bluu, zawadi ya mke wa kaka kutoka Dar es Salaam, zimemzidi ukubwa, na mama anaburuta miguu ndani yake kama mtu anayeogopa ardhi ya uani kwake mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini katikati. Kahawa ilishuka bei hadi watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya mahali pake. Mume wangu alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shirika la umma alilolitumikia tangu ujana, anashinda nyumbani na redio. Baba alikuwa amefariki, na mama aliishi peke yake kwenye kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa ambalo nyumba yetu imekaa katikati yake. Kwa mila, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye hubaki na nyumba ya wazazi. Wa kwetu alikuwa kwenye machimbo ya Mererani, chini ya ardhi, akitafuta mawe ya kumtajirisha, na hatukumwona hata Krismasi.

Asiyetujua huenda asielewe Desemba yetu. Mchagga anaweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana kwao, lakini Krismasi lazima apande mlimani. Magari yanapanda yamejaa magunia ya mchele, vitanda vya watoto, makreti ya soda. Nyumba iliyokuwa na mtu mmoja inalala watu hadi jikoni. Na wakamwana wakishafika, mama mkwe haruhusiwi kushika sufuria. Akishika, ni kama amewaambia wake za wanawe kwamba hawajui kazi, na maneno yatasafiri hadi Dar es Salaam na kurudi.

Kwa hiyo mama alikalishwa. Aliwekewa kiti uani, akafunikwa kitenge magotini, akawa anapokea shikamoo kutwa nzima. Akinyanyuka tu, kuna mtu anamkimbilia: "Mama kaa, mama pumzika, mama unataka nini tukuletee?" Jikoni mwake walihamisha kila kitu. Chumvi iliyokaa miaka yote kwenye kopo kando ya mlango ikapelekwa kabatini. Kisu chake kikapotea. Mama akiingia kutafuta kitu, anapapasa, anakosa, anatoka mikono mitupu huku wakamwana wakitazamana. Jioni moja alijikwaa kwenye begi la mtu aliyeliacha kizingitini, akamwaga chai, na minong'ono ya huruma ikazunguka nyumba nzima.

Kaka mkubwa aliona yote hayo. Kaka anauza vipuri vya magari, na ana tabia ya kumsikiliza mtu kama anavyosikiliza injini: dakika moja tu, keshajua kinachogonga. Siku chache baada ya Krismasi alitukusanya sebuleni. Mama naye alikuwepo, lakini alizungumziwa kana kwamba hayupo.

"Mama hawezi tena," kaka alisema. "Hawezi kujitafutia hata chumvi. Tukimwacha hapa akafa peke yake, watu watasema watoto wake walikuwa na magari wakamtelekeza mama yao. Atakwenda Moshi kwa binti yake."

Binti yake ni mimi, binti pekee. Hakuna aliyepinga. Sote tulikuwa tumemwona mama mwezi ule mmoja ambao adabu yetu yenyewe ilimkataza kufanya kazi, tukakata shauri kwamba hawezi kazi.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Na ng'ombe nani atamkamua?"

"Mama, mambo ya ng'ombe yaache," kaka alijibu, kwa upole kabisa. Ng'ombe akapelekwa kwa jirani, mlango ukafungwa, na mama akashushwa mjini katikati ya mizigo yake kama mmoja wa mizigo hiyo.

Nyumba yetu ya Moshi ilikuwa ndogo, ya kupanga, pale Majengo. Sebule ilikuwa katikati, na kila mlango ulifungukia sebuleni. Choo kilikuwa uani, ng'ambo ya mlango wa nyuma. Mama nilimpa chumba cha pembeni chenye dirisha zuri, nikamtandikia kitanda, nikamwekea chupa ya chai kila asubuhi kabla sijaenda sokoni kwenye viatu vyangu. Jioni nikirudi, chupa tupu. Nikajisifu moyoni kwamba mama anakunywa vizuri.

Mume wangu naye alijitahidi kuliko mkwe yeyote ninayemjua. Mama akitokeza tu mlangoni pa chumba chake, mwanaume anazima redio, anasimama wima, anainamisha kichwa: "Shikamoo mama. Mama unakwenda wapi? Nikusaidie?" Hata angekuwa anakula, anaacha kula. Alilelewa hivyo, na mama yangu pia alilelewa hivyo. Huko kwetu mama mkwe na mkwe wake hawapishani ovyo ndani ya nyumba. Wanaheshimiana kwa mbali, na heshima ikizidi, umbali unazidi.

Tulikuwa tumenunua televisheni kuukuu siku hizo, maana stesheni binafsi zilikuwa zimeanza na kila mtu alitaka kuona. Nilimwambia mama atoke aangalie. Alitoka mara moja, akakaa ameipa mgongo, kwa kuwa mbele ya televisheni ndipo alipokaa mkwe. Hakutoka tena.

Kisha mama akaanza kuisha. Sina neno jingine. Midomo ilimkauka, ngozi ya mikono ikalegea, akawa anasinzia mchana. Alikuwa mtu wa maneno makali, mtu wa kunikosoa hata namna ninavyomenya ndizi, lakini sasa kila kitu kwake ni "sawa tu". Alasiri moja niliwahi kurudi, nikamkuta amekaa chini kando ya kitanda, ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa nikiwa mdogo. Nilipiga kelele hadi mume wangu akaja mbio, na hata katika hali ile mama akavuta kanga kujifunika kichwa ili mkwe asimwone vile.

Hospitali walimtundikia maji. Daktari, kijana mpole, aliniita pembeni akauliza kama mama anakunywa maji ya kutosha. Nilimjibu kwa ukali kwamba anakunywa, chupa nzima ya chai kila siku, mimi mwenyewe ndiye ninayeijaza. Akasema basi tuongeze. Nikaongeza. Mchicha ulioota chini ya dirisha la mama ulikuwa umestawi kuliko mchicha wote wa Majengo, na mimi nilikuwa nauchuma na kuusifia bila kujiuliza nani anaumwagilia.

Usiku ule kaka alipiga simu kwenye duka la jirani yetu, nikaitwa. Nikamweleza. Akasema, "Uzee ndio umefika. Jiandae." Nilirudi nyumbani nikajifungia bafuni nikalia, kwa sababu nilimwamini.

Mwishoni mwa Februari mama aliomba kitu kwa mara ya kwanza. Mvua zilikuwa karibu, na mbegu zake za maharage zilikuwa zimening'inizwa darini jikoni kwake, Kirua. Alitaka kuzifuata. Nilidhani anataka kuaga. Nilifunga biashara siku hiyo, tukapanda pikapu ya mlimani, mama amekaa mbele kwa dereva, mimi nyuma na magunia. Njia nzima nilikuwa natazama kisogo chake kupitia kioo, nikiogopa kitaanguka upande.

Tulipofika alishuka akiwa ameshika bega langu. Tukapita kwenye masale, ile mimea ya mpakani, tukaingia uani, akafungua mlango wa jikoni. Pale akaniachia bega.

Nilikaa kwenye kigoda nikimtazama. Vitu alishavirudisha mahali pake siku ile ile wakamwana walipoondoka, kabla hatujamshusha mjini. Sasa alinyoosha mkono bila kuangalia, akatoa kiberiti. Akanyoosha tena, akatoa kopo la chumvi. Akapanga kuni, akapuliza, moto ukawaka. Akachota maji kwenye mtungi wa nje, kando ya mlango, ambao jirani aliuacha umejaa, akainua kikombe cha bati akanywa chote. Akachota cha pili, akanywa. Cha tatu akakinywa polepole, kwa raha, macho yamefumba. Halafu akachukua kopo lake, akatoka zake nyuma ya migomba, peke yake, bila kumuaga mtu. Akarudi anajifunga kanga vizuri kiunoni na anaimba pambio la kanisani.

Hapo ndipo kila kitu kikaniingia kichwani, na kitu cha kwanza kilichonishika ni hasira.

"Mama," nikasema, "ile chai kule mjini ulikuwa unaifanya nini?"

Aliweka chungu mekoni kwanza. "Naimwaga dirishani."

"Kwa nini?"

Aliniangalia kama anavyomwangalia mtoto aliyeuliza swali la aibu mbele ya wageni. "Mwanangu, wewe ungepita mbele ya mkwe wako na kopo mkononi? Asimame, anisalimie, aniulize nakwenda wapi? Nimjibu nini? Nimwambie nakwenda chooni, mkwe wangu, nisaidie?"

"Ungeniambia mimi!"

"Nikuambie nini? Umwambie mwanaume ahame sebuleni kwake? Hana kazi, ana hiyo sebule tu."

Nilicheka hadi nikalia, nikalia hadi mama akaniambia niache, moshi unatosha kututoa machozi. Mwezi na zaidi nilikuwa nauguza uzee uliokuwa kiu. Nilijisikia mwepesi ghafla, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa majani kichwani, na wakati huo huo nikafikiria tulivyokaribia kumzika kwa adabu.

"Basi unabaki hapa," nikamwambia.

"Nilishabaki," alisema. "Wewe ndiye unayetakiwa kushuka."

Lakini sikuwa mjinga wa kuona kwamba kila kitu kilikuwa kiu. Mama alikuwa mzee kweli. Tulikaa pale jikoni hadi jioni tukiongea kwa mara ya kwanza kuhusu mwili wake bila kuuficha ficha. Mikono ilikuwa mizuri, inakamua, inamenya, inapalilia akikaa chini. Kichwa kilikuwa kizuri kupita kiasi. Tatizo lilikuwa magoti na mteremko. Hawezi tena kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha. Hawezi kushuka mfongoni, kwenye mfereji wa maji unaopita chini ya kihamba, akapanda na ndoo. Na mvua ikinyesha, njia ya mawe kutoka jikoni hadi zizini inateleza kama sabuni.

Jirani aliitwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miguu ya chuma na mdomo wa kuendana nayo, na ndiye aliyekuwa na ng'ombe wetu. Mlimani kwetu ni desturi ya siku nyingi, mtu kumweka ng'ombe wake kwa mwingine: anayefuga anapata maziwa na samadi, mwenye mali anapata ndama. Mimi nilipendekeza tuigeuze desturi. Ng'ombe arudi zizini kwa mama, na jirani alete miguu yake. Akate majani, ajaze mtungi, na maziwa ya jioni yawe yake.

"Na samadi?" jirani akauliza.

"Samadi ni ya migomba yangu," mama akasema.

"Basi kata majani mwenyewe, mama."

Nilishtuka, lakini mama alikuwa anafurahi. Macho yalimng'aa. Ubishi ule ulikwenda hadi chungu kikaiva, na wakamaliza kwa kugawana samadi nusu kwa nusu, kila mmoja akijifanya amedhulumiwa. Kisha jirani akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba kila asubuhi anaangalia moshi wa jikoni kwetu, na asipouona atakuja kubomoa mlango. Mama akamwambia mlango ule ni wa mninga, aje na shoka.

Wiki iliyofuata nilifungua robota jipya la viatu na, kabla mteja yeyote hajagusa, nikachagua jozi moja ya raba za kike, soli nene yenye meno, za kamba. Mama alizitukana. Alisema ni viatu vya kukimbizia mpira. Nilizitupa zile kandambili za bluu kwenye shimo la choo mbele ya macho yake ili kusiwe na mjadala. Mume wangu naye alipanda Kirua, akamsalimia mama akiwa mbali kule kwenye masale, na bila kukaribia nyumba alitengeneza mkono wa kushikilia kutoka jikoni hadi zizini. Nguzo zake zilikuwa mashina ya mibuni iliyong'olewa, na juu yake alifunga mianzi. Mama alimpelekea chakula kwa mkono wa jirani. Waliheshimiana siku nzima bila kuonana, na sijawahi kuwaona wakiwa na raha kiasi kile.

Nilipomweleza kaka kwa simu, alinguruma hadi mwenye duka akasikia.

"Umemrudisha mama peke yake? Mama wa kutundikiwa maji? Una akili wewe?"

"Njoo umwone."

"Nitakuja. Na nikikuta ana dalili yoyote, nakuambia yoyote, namchukua Dar es Salaam siku hiyo hiyo, na hutasema neno."

"Sitasema neno," nikasema, kwa kuwa ni mkubwa wangu. Nikakata simu. Dar es Salaam mama asingekuwa na kihamba, wala jirani, wala hata dirisha la kumwagia chai. Kaka aliishi ghorofani.

Masika yote niliishi na roho juu. Kila pikapu ya Kirua ikipita namuuliza dereva, na dereva ananiambia mama yako ametuma hiki, mama yako ametuma kile: mkungu wa ndizi, maneno ya kunikumbusha nilete sukari, malalamiko kwamba jirani analeta majani machache. Malalamiko yalinituliza kuliko salamu.

Mvua zilipokwisha na baridi ya mwezi wa sita ikaingia, kaka alitokea bila taarifa, Jumapili asubuhi, akiwa safarini kwenda Arusha. Hakutaka tumpelekee mama habari. Alitaka kumkuta alivyo. Tukapanda kwa gari lake.

Tulikuta nyumba imefungwa.

Kaka aligonga mlango wa mbele, akagonga wa jikoni. Hakuna jibu. Moshi haukuwepo. Nikakimbia kwa jirani, nako kumefungwa, kuku tu uani. Ng'ombe wetu alikuwa zizini anacheua, akatuangalia mara moja akageuza kichwa. Kaka akaanza kuita: "Mama! Mama!" Sauti yake, ambayo mjini watu wanaiogopa, ilikuwa nyembamba kama ya mtoto. Akashuka mbio kati ya migomba kuelekea mfongoni, na mimi nyuma yake. Viatu vyake vya ngozi vilizama kwenye tope, kimoja kikamchomoka, akaendelea na soksi. Nilijua anatafuta nini kwenye maji yale. Nilikuwa natafuta kitu hicho hicho. Nilishika mgomba nikasema kwa sauti, "Ruwa wangu, Mungu wangu, nimemuua mama."

Ndipo upepo ukaleta kelele kutoka upande wa kanisani. Watu wanacheka, mtu anapaza sauti, watu wanacheka tena.

"Kaka," nikasema. "Leo Jumapili."

Kwetu Walutheri, ibada ikiisha watu hawatawanyiki. Vile walivyotoa badala ya fedha, ndizi, mayai, maziwa, kuku, vinauzwa mnadani pale pale nje ya kanisa. Sote tulikulia kwenye mnada ule. Lakini tulikuwa tumeshazoea kumfikiria mama akiwa kwenye kiti au kwenye kitanda, na haikutujia kabisa kwamba Jumapili anaweza kuwa na mahali pa kwenda.

Tulifika tukihema. Umati ulikuwa duara, na katikati mzee wa kanisa amemwinua jogoo mwekundu juu. Mama alikuwa mstari wa mbele. Gauni lake jeupe la kwaya, kitenge begani, bakora mkono mmoja, na chini zile raba zenye meno, zimefungwa kamba barabara. Alikuwa anashindana bei na mzee mmoja mnene ambaye watu walikuwa wanamchochea.

"Mama ameongeza!" mnadi akapaza sauti. "Mzee unakubali kushindwa na mama?"

Yule mzee akaongeza. Kaka alikuwa amesimama kando yangu, soksi moja imejaa tope, machozi yanamtiririka bila yeye kujua. Halafu akafanya kile anachojua kufanya. Akainua mkono juu, akataja bei ambayo ingenunua mabanda matatu ya kuku. Umati wote ukamgeukia.

Mama aligeuka. Alimwona mwanawe wa kwanza, ambaye hakuwa amemwona tangu Krismasi.

"Shusha mkono," akamwambia. "Unanipandishia bei."

Watu walikufa kwa kicheko. Kaka akashusha mkono. Mnadi akaamua kwamba bei ya mgeni haikusikika, mama akaongeza kidogo tu, mzee mnene akatikisa kichwa akasalimu amri, na jogoo akawa wetu. Ndipo kaka akasogea, akainama, "Shikamoo mama," na mama akamjibu marahaba huku akimkabidhi jogoo miguu juu. "Mshike vizuri, anadonoa. Kiatu chako kiko wapi?"

Tulirudi kwa mwendo wake. Haukuwa mwendo wa haraka. Alisimama mara kadhaa akajifanya anasalimiana na watu, nami niliona kwamba anapumzisha magoti. Nyumbani alitupikia machalari ya ndizi na nyama, na kaka alipotaka kumsaidia kuinua chungu akamwambia akae. Kaka akakaa kwenye kigoda, magoti yamemfika kidevuni, akila na kumfuata mama kwa macho kila anapokwenda. Alimwona akishuka zizini ameshika mianzi. Alimwona akipumzika katikati, kisha akiendelea.

Aliporudi, kaka akasema, "Mama, magoti yanauma."

"Yanauma."

"Na ukianguka je? Usiku, peke yako?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga. Hakukasirika. "Nitaanguka," alisema. "Hata huko kwako ghorofani watu wanaanguka. Hapa nikianguka, najua nimeangukia wapi, na yule mwenye mdomo atakuja na shoka. Mwanangu, unaogopa nife au unaogopa watu watasema nini?"

Kaka aliacha kula. Nilikuwa nimeahidi kutosema neno, na sijawahi kuteseka kwa kunyamaza kama siku ile.

"Vyote viwili," kaka akasema.

"Basi cha kwanza nitakifanya mimi, na cha pili niachie mimi pia. Nawaona watu hao kila Jumapili."

Kaka aliangalia chini. "Sawa mama," akasema. "Kaa." Halafu, kwa kuwa hawezi kumaliza jambo bila kuongeza kipuri, akasema ataleta fundi avute bomba kutoka barabarani hadi mlangoni. Mama alisema bomba analitaka. Alisema hivyo harakaharaka, kaka asije akabadili mawazo.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye jiwe nyuma ya jikoni, nikapumua. 

Jirani alitokea na mzigo wa majani kichwani, akautua zizini kwa kishindo, akamwita mama kwamba ng'ombe amejaa. Mama akachukua kibuyu cha kukamulia. Alitukuta uani bado tumesimama simama, kaka anaangalia paa, mimi naangalia kaka. Kwetu mgeni haondolewi. Unambembeleza alale, unamficha viatu, unamwambia mvua inakuja hata kama jua linawaka. Mama alitutazama wote wawili, mimi na yule mwanawe mkubwa mwenye kiatu kimoja na soksi moja ya tope.

"Mnaondoka saa ngapi?" akauliza. "Giza linaingia. Mimi nina kazi."

Akashika mianzi, akaanza kushuka zizini, bila kugeuka.

Kaka aliendesha hadi tukatoka kwenye migomba na kuona taa za Moshi kule chini.

"Ametufukuza," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Ametufukuza."

Akaanza kucheka. Nami nikacheka, na tulicheka namna ile ambayo hatukuwa tumecheka pamoja tangu tukiwa watoto, hadi ikabidi asimamishe gari pembeni kwa sababu haoni barabara.